Kazi ya msemaji na mwanamkakati wa mawasiliano ya siasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa vijana wanaokuja ofisini kwa mafunzo ya vitendo, na kwa waandishi wenzangu wa zamani wanaotaka kuvuka upande wa pili wa meza. Mimi mwenyewe nilikaa chumba cha habari miaka saba kabla ya kuvuka. Kila mara hujibu kwa haraka mlangoni au kwenye simu. Safari hii nimekaa chini.

Msemaji na mwanamkakati wa mawasiliano ni mtu mmoja?

Kazi ni mbili, ingawa huku kwetu mara nyingi hufanywa na mtu mmoja kwa sababu bajeti ni moja. Mwanamkakati hufanya kazi yake kabla: jambo lipi lisemwe, lisemwe na nani, kwa akina nani, siku gani, na lipi liachwe. Msemaji ndiye anayesimama mbele ya maiki na kubeba jina la taasisi mdomoni.

Majina ya vyeo yasikuchanganye. Ndani ya CCM kuna Katibu wa Halmashauri Kuu anayeshughulikia itikadi na uenezi, ambaye mtaani anaitwa "mwenezi" tu. Nape Nnauye na Humphrey Polepole wote wamepita hapo. Upande wa Serikali ya Tanzania kuna Msemaji Mkuu wa Serikali, na Hassan Abbasi alikivaa cheo hicho pamoja na ukurugenzi wa Idara ya Habari, MAELEZO. Ikulu ina kurugenzi yake ya mawasiliano. Kenya nako Msemaji wa Serikali na Msemaji wa Ikulu ni ofisi mbili tofauti, na mwandishi mgeni akizichanganya hujikuta amenukuu mtu asiyehusika. Huko wilayani, afisa habari wa halmashauri ndiye msemaji, ndiye mpiga picha, na wakati mwingine ndiye anayebeba spika.

Ni kazi ya zamani au imekuja na mitandao?

Ni ya zamani. Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa magazeti ya chama na baadaye Daily News, kisha mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere. Miaka miwili baadaye akaanzisha shirika la habari, Shihata. Akapita ubalozi na uwaziri wa mambo ya nje, na mwaka 1995 akawa Rais mwenyewe. Kenya, Lee Njiru alianza kazi ya habari za Rais enzi za Mzee Kenyatta na akadumu na Moi miaka mingi. Mitandao imebadilisha kasi. Kazi ya kutafsiri uamuzi wa wakubwa ili mtu wa kawaida auelewe ilikuwepo tangu redio ya mkulima.

Siku yako inakwendaje?

Saa kumi na moja alfajiri nimeshaamka. Naanza na kurasa za mbele za magazeti, ambazo siku hizi zinaingia kwenye simu kabla muuza magazeti hajapanga meza yake. Kisha redio, hasa vipindi vya kusoma magazeti, kwa sababu wasikilizaji wengi hawatalisoma gazeti lenyewe. Watasikia kichwa cha habari na maoni ya mtangazaji, na hiyo ndiyo habari kwao. Halafu naingia kwenye makundi ya WhatsApp ya waandishi na ya wananchi wa eneo letu. Naandika mistari mitano kwa bosi: nini kimesemwa juu yetu, nani kasema, kipi kina ukweli, kipi kinahitaji jibu leo, kipi kiachwe kife chenyewe. Mstari huo wa mwisho ndio mgumu kuliko yote.

Saa mbili asubuhi tunakaa kikao kifupi. Ikiwa kuna mkutano na waandishi, naupanga saa nne. Mwandishi anahitaji muda wa kurudi ofisini, kuandika, kuhakiki na kukata picha kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na magazeti nayo hufunga kurasa jioni. Kenya ratiba ni nyingine kidogo, kwani taarifa ya Kiswahili kwa kawaida ni saa moja usiku na ya Kiingereza saa tatu. Ukiita waandishi saa kumi na moja jioni, habari yako utaizika kwa mikono yako mwenyewe.

Mchana wote ni simu. Simu ya msemaji haizimwi. Mwandishi akikupigia mara mbili usipokee, habari itatoka na mstari ule unaoujua: "Juhudi za kumpata msemaji hazikufanikiwa." Msomaji akiuona anaamini mna jambo mnaficha, hata kama ulikuwa msibani.

Lazima niwe nimepitia uandishi wa habari?

Si lazima, lakini inasaidia sana. Aliyewahi kusubiriwa na mhariri saa kumi na mbili jioni, stori haijakamilika, anajua mwandishi anahitaji nini: takwimu iliyothibitishwa, nukuu moja safi, picha yenye maelezo, na jibu sasa hivi. Ndiyo maana Ikulu zetu huchukua watu kutoka vyumba vya habari. Kanze Dena alikuwa msomaji wa taarifa za Kiswahili Citizen TV kabla ya kwenda Ikulu ya Nairobi mwaka 2018. Zuhura Yunus alitoka BBC kuongoza mawasiliano ya Rais Samia mwaka 2022. Manoah Esipisu alikuwa mwandishi wa Reuters na baadaye akafanya kazi Jumuiya ya Madola kabla ya kumsemea Rais Uhuru Kenyatta.

Nimefanya kazi pia na wanasheria na walimu waliokuja kuwa wasemaji wazuri mno. Mwalimu ana faida moja kubwa: amezoea kurudia jambo lile lile mara kumi bila kukasirika.

Nisome nini, na wapi?

Tanzania kuna Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Mwanza, ambayo imetoa waandishi na maofisa uhusiano wengi. Kenya kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, Daystar, na taasisi ya mawasiliano ya KIMC. Shahada ya sayansi ya siasa au sheria pia inakubalika kwa upande wa mkakati.

Usiache kusoma bajeti. Vijana wengi wanaokuja kwangu wanajua kuhariri klipu vizuri sana, lakini ukiwapa kitabu cha bajeti ya wizara hawajui fedha za maendeleo zinakaa ukurasa gani. Maswali mazito utakayoulizwa mbele ya kamera yatahusu fedha.

Ujumbe mzuri unatengenezwaje?

Chukua hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera: "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo."

Isome polepole. Hakuna kivumishi hata kimoja, wala neno ambalo bibi kijijini angeuliza maana yake. Kila sentensi inajibu swali ambalo mwananchi alikuwa tayari analo moyoni: Tunaweza? Kwa nini tuingie vitani? Wakubwa wameshaamua kweli? Majibu matatu, kila moja kwa pumzi moja, na kitenzi kile kile kinarudi kama mpigo wa ngoma. Zaidi ya miaka arobaini baadaye watu wanaitaja kwa kichwa, hata waliozaliwa baada ya vita. Kwangu hiyo ndiyo shule ya kwanza ya ujumbe wa kisiasa kwa Kiswahili. Nawashangaa wanaoanza mafunzo yao na wataalamu wa Washington ilhali hazina ipo nyumbani.

Kaulimbiu za uchaguzi zinafuata kanuni hiyo hiyo. "Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya" ya mwaka 2005 ina mizani. "Hapa Kazi Tu" ya mwaka 2015 ilikuwa na sifa nyingine: fundi seremala angeweza kuiandika ukutani kwa karakana yake na ikawa na maana yake yeye. Kaulimbiu ikishapata matumizi nje ya siasa, imefika.

Wakati mwingine ujumbe hukupata wenyewe. Kwenye kura ya maoni ya katiba Kenya, Novemba 2005, tume ya uchaguzi iligawa alama: ndizi kwa "ndiyo", chungwa kwa "hapana". Zilikuwa alama za kumsaidia mpiga kura asiyejua kusoma. Waliopinga walishinda, wakalichukua chungwa lao na kulijengea chama, na ODM, yaani Orange Democratic Movement, ikazaliwa na jina hilo la chungwa. Mwanamkakati mzuri angeliona tunda lile kuwa bendera siku ya kwanza. Mwaka 2022 tukaona tena, wilibaro (toroli), alama ya UDA, chama cha William Ruto, ikibeba hoja nzima ya uchumi wa mtu wa chini bila hotuba.

Mawasiliano mazuri yanaweza kuiokoa sera isiyopendwa?

Hapana. Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Maelezo yalitolewa kwa wingi: barabara za vijijini, vituo vya afya, madarasa. Sababu zenyewe zilikuwa na uzito. Lakini kila aliyemtumia mama yake hela ya dawa alipokea ujumbe kwenye simu ukionyesha kiasi kilichokatwa, senti kwa senti, pale pale. Hakuna msemaji anayeweza kushindana na ujumbe ule. Wahusika waliusikia mtaa, na Septemba tozo ikashushwa kwa asilimia 30.

Hapo ndipo mwanamkakati anapopata mshahara wake kihalali. Kabla uamuzi haujatoka, kazi yake ni kusema kikaoni: "Waheshimiwa, mtu atakayeathirika ataiona hivi, saa hii, kwenye kifaa hiki." Akisubiri kuitwa baada ya kelele kuanza, amebaki na kazi ya zimamoto.

Kwa nini unasisitiza sana msemaji awepo chumbani uamuzi unapofanyika?

Kwa sababu makosa makubwa ninayoyajua katika kazi hii hayakutokana na ulimi mbaya. Yalitokana na mtu kusemea jambo ambalo hakushiriki.

Tarehe 9 Novemba 1989, Günter Schabowski, aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya chama tawala cha Ujerumani Mashariki, aliingia kwenye mkutano na waandishi mjini Berlin na karatasi aliyokabidhiwa na Egon Krenz. Karatasi ilihusu kanuni mpya za raia kusafiri nje. Hakuwepo wakati kanuni zile zinajadiliwa, wala hakuwa ameisoma kwa makini. Ilipangwa itangazwe alfajiri ya kesho yake, ili maofisa wa mpakani wawe wamepewa maelekezo. Mkutano ulikuwa unarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Karibu na mwisho aliisoma, na waandishi wakauliza: inaanza lini? Akapekua makaratasi yake mezani, akapandisha miwani, akajibu kwamba kwa anavyoelewa yeye ni papo hapo, bila kuchelewa.

Kabla ya usiku wa manane maelfu ya watu walikuwa wamejaa kwenye geti la Bornholmer Strasse, na askari wasio na amri yoyote wakalifungua. Ukuta wa Berlin ulianguka usiku ule. Wajerumani wengi wanashukuru, na mimi nafurahi nao. Lakini ukiitazama kwa jicho la kazi yetu, serikali nzima ilipoteza udhibiti wa mpaka wake kwa sababu msemaji hakusoma ukurasa wa pili.

Yangu ni ndogo, ila iliniuma. Kiongozi mmoja niliyemfanyia kazi aliniambia jioni kwamba hakuna mazungumzo yoyote ya kumwachia mwenzake nafasi ya kugombea. Nikawaambia waandishi, kwa sauti yangu, nikasisitiza. Kesho yake saa nne asubuhi akasimama na mwenzake huyo wakishikana mikono. Kwa miezi mitatu waandishi hawakunipigia tena. Walikuwa wanampigia dereva wake, kwa sababu dereva ndiye aliyejua mzee amelala wapi na amekutana na nani.

Tangu siku hiyo, kabla sijakubali kazi namuuliza bosi swali moja: nitakuwa kikaoni, au nitaletewa karatasi? Jibu lake ndilo linaloamua, kabla ya mshahara.

Nitalazimika kusema uongo?

Utaombwa. Utaombwa kwa upole, mara nyingi na mtu unayemheshimu, na ataliita jina lingine: "weka sawa", "punguza makali", "waambie bado tunalifanyia kazi".

Jerald terHorst alikuwa mwandishi wa Detroit News kabla Rais Gerald Ford wa Marekani hajamteua kuwa msemaji wake Agosti 1974. Waandishi walimuuliza kama kuna mpango wa kumsamehe Richard Nixon. Akauliza ndani, akaambiwa hakuna, akawajibu hivyo. Tarehe 8 Septemba Ford akatangaza msamaha kamili. TerHorst alijiuzulu siku hiyo hiyo, mwezi mmoja tu tangu aanze. Kazi kubwa kuliko zote katika fani yetu, akaiacha mezani. Kila nikimfundisha kijana namsimulia habari hii, maana haina maneno mengi na haihitaji ufafanuzi.

Mfano wa pili ni wa upande mwingine. Larry Speakes, aliyemsemea Reagan, alikiri mwaka 1988 kwamba kwenye mkutano wa Geneva na Gorbachev, mwaka 1985, aliwapa waandishi nukuu alizozitunga mwenyewe akidai ni za Rais. Wakati huo alikuwa ameshatoka Ikulu ya Marekani na kupata kazi nono kwenye kampuni ya fedha ya Merrill Lynch. Aliipoteza. Nukuu zenyewe hazikuwa na ubaya wowote, zilikuwa maneno ya heri tu kuhusu mataifa mawili. Lakini msemaji akishajulikana kuwa anatunga, waandishi wanaanza kujiuliza na yale mengine yalitoka wapi.

Kunyamaza ni kitu tofauti na kudanganya. Una haki ya kusema "hilo siwezi kulizungumzia leo", na ukatoa sababu: shauri lipo mahakamani, familia haijaarifiwa, mazungumzo hayajakamilika. Mwandishi mwenye akili ataheshimu. Atakuheshimu zaidi ukimwambia lini utaweza kulizungumzia, kisha siku hiyo ukampigia wewe.

Nikiulizwa nisilolijua?

"Sina jibu kamili, nitakupa kabla ya saa kumi." Kisha mpe kabla ya saa kumi.

Kuna wakati msemaji anyamaze, kiongozi aseme mwenyewe?

Upo: msiba, maafa, na hofu ya watu wote. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa na Waziri Mutahi Kagwe tarehe 13 Machi 2020. Tanzania ilikuwa Waziri Ummy Mwalimu, siku tatu baadaye. Na usiku wa tarehe 17 Machi 2021, kifo cha Rais Magufuli kilitangazwa na Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe, baada ya wiki za uvumi. Habari ya uzito huo ikisomwa na afisa, mwananchi hujiuliza wakubwa wako wapi. Kazi yako siku hiyo ni kuandika maneno machache, kuhakikisha maiki inafanya kazi, na kukaa nyuma ya kamera.

Vipi kuhusu bahasha kwa waandishi?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na nalijibu kwa sauti. Nauli ya mwandishi aliyetoka mjini kwenda kata ya mbali ni jambo la kujadili na mhariri wake, waziwazi, kwa risiti. Bahasha ya kaki inayotolewa mlangoni baada ya mkutano ni kununua habari. Nimekaa pande zote mbili za bahasha ile. Nilipokuwa mwandishi mpya, mshahara ulichelewa na niliipokea. Ninapoikumbuka naona aibu, na pia namkumbuka mwenye nyumba aliyekuwa ananisubiri.

Kwa msemaji hasara ni ya kikazi pia. Waliolipwa wataandika sifa ambazo hakuna anayezisoma, na yule mmoja aliyekataa ndiye atakayeaminiwa siku atakapoandika mabaya yako.

Msemaji ana tofauti gani na chawa?

Chawa anamsifia mtu ili ale. Msemaji anaisemea taasisi na anaweza kumwambia bosi wake, faraghani, kwamba amekosea. Kipimo ni rahisi: mara ya mwisho ulimwambia lini kiongozi wako jambo asilotaka kulisikia? Kama hukumbuki, jichunguze mapema, kabla mtaa haujakupa jina.

Tufanyeje na taarifa feki zenye nembo yetu?

Zitakuja, hasa wiki za uchaguzi: karatasi yenye nembo sahihi, sahihi ya kughushi, na kosa moja dogo la tarehe. Siku hizi kuna na sauti za kutengenezwa zinazofanana na ya mheshimiwa hadi mkewe akasita.

Ofisi nyingi hugonga muhuri mwekundu wa kuonyesha ni feki juu ya karatasi ile na kuirusha. Mimi siipendi njia hiyo peke yake, kwani muhuri hukatwa na karatasi inaendelea kusambaa, safari hii kwa msaada wako. Tangulia na ukweli: "Mkutano wa Jumamosi upo palepale, saa nane mchana, uwanja ule ule." Kisha ndipo useme kuna karatasi ya uongo. Na jenga mazoea kabla ya dhoruba: taarifa zako zote zitoke kwenye akaunti moja, zenye namba ya kumbukumbu. Watu wakishajua maji yanachotwa kisima gani, hawatakunywa ya mtaroni.

Vijana hawasikilizi tena wasemaji. Kazi hii ina maisha?

Juni 2024 vijana wa Kenya waliusoma Muswada wa Fedha wenyewe. Waliutafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakauelezana kwa video fupi, wakawapigia simu wabunge wao. Wasemaji wa kila ngazi walikuta hadhira inayojua kifungu kwa namba yake. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya maandamano yaliyomwaga damu na umati kuingia bungeni, Rais Ruto alikataa kuusaini, na siku chache baadaye akaingia kwenye mjadala wa sauti wa mtandao wa X kuulizwa maswali moja kwa moja.

Somo nililolichukua ni kwamba kazi ipo, ila msemaji anayeleta muhtasari kwa watu waliosoma waraka mzima hana nafasi. Soma waraka kuliko wao. Na pale wanapokuwa sahihi, wapelekee wakubwa hoja yao ilivyo, bila kuipunguza uzito njiani.

Sheria zipi nizijue?

Tanzania: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na marekebisho yake ya 2023, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hiyo ya mwisho kwa sababu orodha za namba za simu za wapiga kura si mali yako. Kenya: Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na sheria ya kupata taarifa ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi, na saa 48 kama linahusu uhai au uhuru wa mtu. Ofisi nyingi hulipokea ombi la namna hii kama uchokozi. Lipokee kama mwananchi aliyekuja kuuliza nyumbani kwake.

Mshahara ukoje?

Serikalini Tanzania, afisa habari mwenye shahada huanzia ngazi ya mshahara wa serikali iitwayo TGS D kama maofisa wenzake. Si tajiri, ila una pensheni na likizo. Kwenye kampeni unalipwa kwa mkataba, na mkataba huisha siku ya matokeo. Dai uandikwe, na dai sehemu ulipwe mwanzoni. Mgombea aliyeshindwa hapokei simu za wanaomdai. Kwenye mashirika na kampuni za ushauri malipo ni bora, ila hakuna anayekukumbuka bajeti ikikatwa.

Nikiwa mwanamke nitegemee nini?

Tegemea matusi ya mtandaoni ambayo mwenzako wa kiume hatayapata: juu ya mavazi, ndoa, umbo. Nimewaona mabinti wawili hodari wakiacha kazi kwa hilo, na ofisi zao ziliwaambia wavumilie. Huo ni uzembe wa ofisi. Kabla ya kukubali, uliza nani atasimamia ukurasa wako, nani atazuia akaunti za watukanaji, na kama taasisi iko tayari kufungua shauri kwa jina lake. Mifano ya wanawake waliosimama kileleni ipo, nimekwisha kuitaja, na wote walifika wakiwa wameijua kazi kuliko waliowauliza maswali.

Nikitoka kwenye usemaji, naelekea wapi?

Alfred Mutua aliisemea Serikali ya Kenya kuanzia 2004 hadi 2012, mwaka uliofuata akawa gavana wa kwanza wa Machakos. Esipisu akawa balozi London. Nape Nnauye alipanda hadi uwaziri wa habari. Wengine hurudi kufundisha, na naona hao ndio wanaohitajika zaidi.

Nina miaka 24, sina mtu wa kunishika mkono. Nianzie wapi?

Nenda kwenye baraza la madiwani la wilaya yenu. Vikao vyake ni vya wazi. Kaa nyuma na daftari. Uamuzi mmoja ukipita, tuseme ushuru mpya wa soko, nenda sokoni kesho yake asubuhi, mtafute mama anayepanga nyanya kwenye mafungu, umweleze uamuzi ule kwa sentensi tatu. Mwangalie usoni. Akikuuliza "kwa hiyo mimi nitalipa shilingi ngapi, na lini?" ukashindwa kumjibu, rudi halmashauri ukaulize. Andika tena sentensi zako tatu, umrudie.

Ukishafanya hivyo mara kumi, niletee daftari.